Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Kamishna Jenerali wa Magereza: mpeni mfungwa tarehe yake kwa maandishi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mji wa Serikali, Mtumba;
Kwa Afande Kamishna Jenerali wa Magereza, Makao Makuu, Msalato;
Nakala kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, na kwa waheshimiwa wabunge wanaopita hapa Dodoma kila kikao.

Mbukwenyi, waheshimiwa.

Nawaandikia kuhusu tarehe. Mfungwa wa kawaida katika nchi hii, asiye na kifungo cha maisha wala hukumu ya kunyongwa, ana siku anayotarajiwa kutoka, nayo imeandikwa kwenye kumbukumbu za gereza. Ofisa anayetunza kumbukumbu anaijua na mkuu wa gereza anaijua. Ombi langu ni kwamba mfungwa naye apewe tarehe hiyo kwa maandishi, pamoja na hesabu iliyoizaa, na kila inapobadilika apewe upya na aelezwe sababu. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Mimi si mwanasheria. Nina kibanda cha steshenari hapa mjini: natoa kopi, naskani, nachapa barua. Kwa kuwa wateja wangu wengi wanatoka mahakamani au wanaelekea gereza la Isanga kumwona ndugu yao, siku hizi nachapa maombi ya nakala za hukumu na notisi za rufaa kuliko ninavyochapa barua za kuomba kazi. Ukichapa kitu hicho hicho kila siku, mwishowe unataka kujua kinasema nini. Ndiyo maana nikaanza kuzisoma hizo sheria zenyewe.

Nianze na lililo wazi kwenu lakini halijulikani mtaani. Huku kwetu mtu yeyote aliyetoka gerezani kabla ya miaka aliyotajiwa na hakimu "ametoka kwa msamaha." Kumbe njia ni tofauti. Kuna theluthi: Sheria ya Magereza ya 1967, Sura ya 58, kifungu cha 49(1), inamruhusu mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake kwa kufanya kazi kwa bidii na kuwa na mwenendo mzuri. Kuna parole, kwa Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ambayo inamtoa mfungwa mwenye kifungo cha miaka 4 au zaidi akamalizie nje chini ya uangalizi, akishatumikia theluthi ya kwanza, ilimradi kosa lake lisiwe miongoni mwa yaliyozuiwa kama unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, kubaka na kunajisi. Kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kwa vifungo visivyozidi miaka 3, ambapo mtu anafagia hospitali au kuchimba mitaro ya shule huku analala kwake. Juu ya zote kuna msamaha wa Rais, ambao msingi wake ni Ibara ya 45 ya Katiba. Waliohukumiwa maisha hawamo kwenye theluthi, na kimahesabu inaeleweka: huwezi kukata theluthi ya kitu kisicho na mwisho.

Sasa tuchukue mfano unaofanana na kesi za kwetu. Kijana ameiba ng'ombe, kafungwa miaka 6. Hiyo ni miezi 72. Ukitoa theluthi, yaani miezi 24, inabaki 48. Akiwa na nidhamu, anatoka akiwa ametimiza miaka 4. Parole anaweza kufikiriwa akifikisha miezi 24. Kwa hiyo mtu huyu ana vituo viwili vya kuangalia mbele yake, mwezi wa 24 na mwezi wa 48. Hesabu hii haihitaji kikokotoo, lakini katika familia ninazozichapia barua ni chache mno zilizowahi kufanyiwa hesabu hiyo na mtu yeyote mwenye mamlaka.

Bibi mmoja alikuja na nakala ya hukumu ya mjukuu wake ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari. Nyuma ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na tarehe tatu zilizoandikwa kwa kalamu, mbili zimekatwa. Ya kwanza mjukuu mwenyewe alimtajia siku ya kutembelewa. Ya pili aliipata kwa jirani ambaye mwanawe alikuwa bweni moja na huyo kijana. Ya tatu kaitoa kwa nyapara mmoja aliyemaliza kifungo na kurudi kijijini. Akaniuliza, "Mwanangu, kati ya hizi ipi ya Serikali?" Nikasoma hukumu, nikafanya hesabu ya theluthi pembeni kwa penseli. Haikulingana na hata moja. Mjukuu alikuwa katika gereza moja la kanda hii ambalo sitalitaja, kwa sababu sina uhakika kosa lilikuwa la gereza. Huenda alipatikana na kosa la nidhamu akapunguziwa punguzo lake. Huenda vifungo vyake ni viwili vinavyofuatana, nami nilisoma kimoja. Ndiyo maana nasema iwe karatasi. Karatasi ingemaliza mazungumzo yale kwa dakika moja, na bibi yule asingetumia nauli ya kutoka Mvumi kuja kuniuliza mimi jambo nisilokuwa na mamlaka nalo.

Tarehe inachanganya zaidi msamaha unapotangazwa. Tarehe 9 Desemba 2017 tulikuwa nayo hapa hapa, Uwanja wa Jamhuri. Watu wanakumbuka wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliosamehewa kifungo cha maisha, na shangwe iliyolipuka siku ile. Lakini tangazo lilihusu watu 8,157, nao walioruhusiwa kutoka siku ile walikuwa 1,828. Waliobaki, 6,329, walirudi mabwenini na kifungo kilichopunguzwa. Vilevile Aprili 2021, Rais Samia alipotangaza msamaha wa Siku ya Muungano kwa wafungwa 5,001, waliotoka ni 1,516, na 3,485 wakabaki na hesabu mpya. Magazeti yaliandika habari za waliotoka. Hao wenye hesabu mpya ndio wanaoleta jamaa zao kibandani kwangu.

Hesabu yenyewe inaweza kumtoa mtu jasho. Baadhi ya matangazo haya yametumia lugha ya kupunguza robo ya adhabu, na kutaja pia lile punguzo la kawaida la theluthi chini ya kifungu cha 49(1). Rudini kwa kijana wetu wa miezi 72. Ndugu mmoja atakata theluthi kwanza, abaki na 48, halafu akate robo ya hizo 48: inabaki miezi 36. Ndugu mwingine atakata robo ya 72, ambayo ni 18, na theluthi ambayo ni 24: inabaki miezi 30. Tofauti yao ni miezi 6. Kama ofisi inasoma kwa namna ya kwanza, familia inayosoma kwa namna ya pili itakwenda kumpokea mtu langoni nusu mwaka kabla, itaambiwa bado, na itaondoka ikiamini kuna mtu amekula fedha. Ofisi ya kumbukumbu ina namna moja ya kusoma tangazo hilo. Kinachokosekana ni mfano mmoja wenye tarakimu, uchapishwe siku ile ile ya tangazo na ubandikwe kwenye ubao wa gereza na kwa mtendaji wa kata.

Hapo nimezungumzia uwazi. Kuna jambo la pili, na hili linawahusu zaidi wabunge, kwa sababu linagusa sheria yenyewe.

Theluthi yetu imeandikwa kana kwamba inachumwa. Sheria inataja bidii na mwenendo mzuri. Katika utendaji, huhesabiwa tangu mtu anapoingia, na kinachofuata ni kuipoteza tu akivunja nidhamu. Kwa hiyo anayekaa kimya kwenye kona miaka minne bila kugombana na mtu anapata theluthi. Aliyejifunza useremala hadi akafaulu mtihani wa VETA anapata theluthi ile ile. Aliyeingia hajui kusoma na akatoka anaandika barua yake mwenyewe, naye theluthi hiyo hiyo. Sisemi theluthi ipunguzwe kwa yeyote. Nasema juu yake hakuna kitu cha kuongeza kwa mwenye juhudi, na mtu mwenye akili ya kawaida akiona hivyo, baada ya mwaka wa kwanza anaacha kuhangaika.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Brazil, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2011, saa 12 za masomo zinamwondolea mfungwa siku 1 ya kifungo, na siku 3 za kazi zinamwondolea siku 1. Wana hata utaratibu wa vitabu: mfungwa akisoma kitabu na kuandika muhtasari ukakubaliwa anapata siku 4, na kwa mwaka hazihesabiwi zaidi ya vitabu 12. (Najua mtu atasema nataka wezi watoke kwa kusoma hadithi. Aliyewahi kusimamia darasa la watu wazima anajua kwamba vitabu 12 kwa mwaka ni kazi nzito kuliko kulima ekari.) Marekani, katika magereza ya serikali kuu, wana hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo kwa mwenendo mzuri, na tangu sheria yao ya Desemba 2018, mfungwa anayestahili akishiriki mafunzo yaliyoidhinishwa anajipatia siku 10 kwa kila siku 30 za ushiriki, ambazo zinamsogeza kwenye uangalizi wa nje au kumtoa mapema. Sheria yao ina makosa mengi yaliyozuiwa, na magereza yao si mfano wa kuigwa kwa mambo mengine mengi. Lakini hayo mawili yanafanana kwa jambo moja: mfungwa anaweza kukaa na kalamu na kujihesabia mwenyewe, leo nimepata nini.

Hapa Dodoma mambo ya kujifunza gerezani si ya kubuni. Isanga inatajwa katika historia ya zabibu za mkoa huu pamoja na Bihawana. Magereza yana shirika lake la uzalishaji mali, SHIMA, na samani zinazotoka kwenye karakana zake zimo katika ofisi nyingi za umma. Kazi ipo na jasho lipo. Kinachotakiwa ni kazi hiyo na masomo hayo yaandikwe kwa jina la aliyeyafanya, yapate siku zake, na siku hizo ziongezwe juu ya theluthi. Nusu ya kanuni mnaweza kuianzisha bila Bunge, kwa kuweka tu rekodi. Nusu nyingine, ile ya kutoa siku, itahitaji marekebisho ya Sura ya 58.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, na ni hoja nzuri. Kila siku inayopunguzwa kwa kalamu ya mtu ni siku inayoweza kuuzwa. Ukimpa askari wa bweni uwezo wa kuandika kwamba fulani amehudhuria darasa, umeanzisha soko. Nalijua soko hilo. Nimechapa barua za watu waliodai kuombwa "ya soda" kwa mambo madogo kuliko hayo, na sehemu walikoombwa siitaji kwa kuwa sikuwepo. Ndiyo maana napendekeza siku za ziada zitokane na vyeti vya watu wa nje: VETA kwa ufundi, Baraza la Mitihani kwa masomo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kusoma na kuandika. Askari asiwe na la kuongeza wala kupunguza kwenye cheti. Na ndiyo maana narudi tena kwenye karatasi: mfungwa mwenye hesabu yake mkononi ni vigumu kumuuzia kitu ambacho tayari ni chake.

Kuhusu parole nitasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Marehemu Augustine Mrema alipokuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa, wananchi wengi wa kawaida ndipo walipolisikia neno lenyewe kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo limepoa. Tazameni hesabu ya kijana wetu: parole inaanza mwezi wa 24, theluthi inamtoa mwezi wa 48. Dirisha la parole lina miezi 24 tu. Faili linaanzia gerezani, linahitaji taarifa za kijijini kwake, linakwenda bodi ya mkoa, linakwenda bodi ya taifa, kisha linasubiri saini ya Waziri. Kila mwezi linaokaa kwenye droo unakatwa kwenye hiyo miezi 24, na faili likichelewa vya kutosha, mtu anatoka kwa theluthi na parole haikumsaidia chochote. Zaidi ya hapo, matangazo kadhaa ya msamaha wa Rais yamewaondoa wanaotumikia kifungo chini ya Sheria ya Bodi za Parole. Mfungwa anayeelewa hilo atajiuliza kama inafaa kuomba parole kabisa. Asiyeelewa atakuja kuligundua tarehe 9 Desemba au 26 Aprili, orodha ikisomwa.

Ninachoomba hapo ni muda wa mwisho kwa kila hatua, na jibu la maandishi kwa anayekataliwa. Mtu aliyekataliwa kwa sababu mtendaji wa kijiji alisema bado kuna uhasama anahitaji kuijua sababu hiyo. Pengine wazee wanaweza kukaa na kuupatanisha ugomvi kabla ya kikao kijacho. Akiambiwa tu "halikupita," hana pa kuanzia.

Sijamsahau mwenye ng'ombe. Mkoa huu mtu akiibiwa ng'ombe wanne ameibiwa mahari, ada ya mtoto na akiba ya njaa kwa mpigo. Alisikia hakimu akisema miaka 6. Mwaka wa nne anakwenda mnadani Msalato Jumamosi, anamkuta yule kijana anakata nyama choma. Hakuna aliyemweleza theluthi. Atasema kahonga, na kijiji kizima kitaamini, na safari ijayo watamaliza kesi wao wenyewe porini. Nakala ya ile ile tarehe ikipelekwa kwa mlalamikaji tangu mwanzo, pamoja na maelezo kwamba ni sheria ya mwaka 1967 na si fadhila ya mtu, mnadani pale kutakuwa na uchungu, lakini uvumi hautakuwepo. Na mimi ningependelea mahakimu wawe wanaisema hiyo theluthi waziwazi siku ya hukumu. Hilo liko nje ya wizara yenu, nalitaja tu.

Vivyo hivyo mahabusu. Aliyekaa mahabusu mwaka mmoja na nusu kabla ya hukumu hakuwa akichuma theluthi yoyote kwa muda huo, kwa sababu hakuwa mfungwa. Mahakama inapaswa kuuzingatia muda huo inapopanga adhabu. Katika hukumu ninazotoa kopi, nyingine zinautaja wazi, nyingine hazisemi kitu. Rais Magufuli alipotangaza msamaha wa watu 5,533 pale CCM Kirumba, Mwanza, Desemba 2019, alisoma hesabu: wafungwa 17,547 na mahabusu 18,256, wakati uwezo wa magereza yote ulikuwa watu 29,902. Mahabusu walikuwa wengi kuliko wafungwa. Msongamano wa namna hiyo hautibiwi kwa misamaha ya sikukuu, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na ningefurahi kusikia kutoka kwenu ni lipi kati ya mapendekezo yake kuhusu magereza limefika lango la Isanga, Kongwa au Manyoni.

Hayo ya sheria yatachukua muda, naelewa. Ya karatasi hayahitaji Bunge, wala bajeti ya kuitwa bajeti. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tayari inatambua kwamba aliye kizuizini anahitaji kufikiwa na wasaidizi wa kisheria. Wapeni hao kazi ya kukaa na mfungwa mpya wiki ya kwanza, wamsomee hesabu yake, na asiyejua kusoma aweke dole gumba kwamba amesomewa.

Nimechapa mfano wa karatasi ninayoisema. Ni nusu ya A4, hivyo karatasi moja inatosha watu wawili. Ina tarehe ya hukumu, urefu wa kifungo kwa miezi, theluthi kwa miezi, tarehe ya kutoka bila punguzo na tarehe ya kutoka kwa punguzo, tarehe ya kufikiriwa parole au maneno "kosa hili haliruhusiwi," nafasi tano za mabadiliko zenye sehemu ya sababu, na saini mbili, ya ofisa na ya mfungwa. Ofisa yeyote wa Mtumba au Msalato akiuhitaji, aje na flashi. Kopi simtozi.

Wenu mtiifu,
Mwenye steshenari, Dodoma mjini